Mbunge asiye na cheo afanyeje ili tembo, daraja na dawa za Kasese zifike Bungeni na zisiishie hapo?

Nyakatonzi_Juu aliuliza:

Wakubwa shikamooni. Naomba mwenye kuzijua kazi za Bunge la Uganda anifafanulie, siasa tuiache pembeni. Mbunge wetu hapa Kasese si waziri, si mwenyekiti wa kamati, na ndani ya chama chake hana cheo. Watu wa gombolola (ngazi iliyo chini ya wilaya na juu ya parishi) wamemkabidhi mambo matatu:

1. Tembo na nyati wa Hifadhi ya Queen Elizabeth wanaingia kwenye pamba na mahindi. Walioandikisha madai ya fidia hawajajibiwa.
2. Daraja dogo la barabara ya parishi limesombwa na maji.
3. Kituo cha afya cha daraja la tatu (HC III) kinaishiwa dawa kabla shehena nyingine haijafika.

Wengine wanataka asimame tu aseme. Wengine wanataka petisheni. Vijana wanadai alete muswada wake wa kuongeza fidia. Njia ipi inazaa nini, na sisi huku tumwandalie karatasi gani?

---

Mzee wa Hansadi alijibu:

Marahaba ndugu. Tenganisha mambo hayo kwanza. Ukimpa mbunge yote matatu ayaseme kwa pumzi moja, waziri atachagua lililo jepesi, atalijibu hilo, mengine yatapotea.

Daraja. Swali la kwanza si "lini litajengwa" bali "barabara ni ya nani". Tuna barabara za kitaifa, za wilaya, za miji, na zile za jamii zilizo chini ya gombolola. Za kitaifa zilikuwa za UNRA (mamlaka ya barabara za kitaifa), na tangu UNRA ivunjwe mwishoni mwa 2024 zimerudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Daraja la barabara ya parishi waziri atalirudisha wilayani kwa sentensi moja, na mbunge atakaa chini. Anzeni kwa mhandisi wa wilaya: apime upana wa mto, aseme panahitaji kalvati au daraja la zege, aandike makadirio ya gharama na kuyasaini. Halafu CAO (ofisa mtendaji mkuu wa wilaya) aandike kwamba fedha ya wilaya haitoshi. Kwa barua hizo mbili mbunge anapata hoja yenye uzito Bungeni: kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 kila wilaya ilipangiwa shilingi bilioni 1 za matengenezo ya barabara, kiasi kile kile kwa wilaya yenye milima na mito ya Rwenzori na kwa wilaya tambarare. Akiuliza kigezo cha mgao, analisema daraja lenu na madaraja ya wilaya nyingine nyingi, na waziri hawezi kumrudisha kwa mhandisi.

Dawa. Bohari ya Taifa ya Dawa (NMS) hupeleka dawa kwa mizunguko, mmoja kila miezi miwili. Kwa kawaida HC II na HC III hupokea vifurushi vilivyopangwa tayari. HC IV na hospitali ndizo zinazoagiza kwa mpango wao wa mwaka. Mbunge akisema "dawa hakuna", waziri ataonyesha hati ya kupokelea mzigo yenye sahihi ya mkuu wa kituo, na mbunge ataonekana mzushi. Aseme hivi: kifurushi kilifika tarehe hii, dawa ya malaria iliisha tarehe hii kwa mujibu wa kadi ya stoo, wagonjwa wa nje mwezi huo walikuwa wangapi kwa mujibu wa rejista. Halafu aulize kifurushi cha kituo hicho kilikokotolewa kwa idadi gani ya watu na lini kilipitiwa upya. Kama kituo kinahudumia pia watu wanaovuka mpaka wa Mpondwe, aseme, maana hao hawamo kwenye hesabu ya wakazi.

Tembo ndilo jambo kubwa, na huko mbunge asiye na cheo ana nafasi nzuri kuliko mnavyodhani.

Kikao cha Bunge zima kwa kawaida huwa Jumanne, Jumatano na Alhamisi kuanzia saa 8 mchana. Njia nyepesi ni kulileta kama jambo la dharura lenye umuhimu wa kitaifa. Anamwona Spika mapema, anampa maelezo mafupi ya maandishi, na akikubaliwa anapata dakika mbili au tatu kabla ya shughuli zilizoorodheshwa. Ni haraka, na redio za Kasese zitamnukuu jioni ile ile. Lakini hakuna mjadala mrefu wala kura. Kinachotoka ni Spika kumwagiza waziri ajibu papo hapo au arudi na taarifa. Wabunge wengi huishia hapa. Video inazunguka WhatsApp, jimbo linapiga makofi, tembo wanaendelea kula.

Kwa hiyo sentensi ya mwisho ya zile dakika tatu ndiyo iandikwe ya kwanza. Isiwe "Serikali ituangalie". Iwe: "Naomba waziri alete Bungeni, kufikia tarehe fulani, orodha ya madai ya fidia ya Kasese kwa kila gombolola: yaliyopokelewa, yaliyohakikiwa, yaliyolipwa, na yanayosubiri." Ombi la namna hiyo waziri hawezi kulijibu kwa pole na hongera.

Akijibu "tutalishughulikia ndani ya miezi mitatu", hiyo tayari ni ahadi ya Serikali. Bunge lina Kamati ya Ahadi za Serikali na Utekelezaji, ambayo kazi yake ni kufuatilia maneno ya mawaziri yaliyosemwa ukumbini. Msaidizi wa mbunge achukue Hansadi (kumbukumbu rasmi ya yaliyosemwa Bungeni) ya siku hiyo, anakili aya yenye ahadi pamoja na tarehe, aambatanishe barua ya mbunge, aipeleke kwa karani wa kamati hiyo. Ahadi isiyo na tarehe haina pa kushikwa, ndiyo maana mbunge akiona waziri anakwepa kutaja lini aombe ufafanuzi pale pale kabla Spika hajaita shughuli nyingine.

---

Mama_Nguse alijibu:

Mzee kasema vema ila kaipita petisheni. Kwa madai ya fidia mimi ningeanza na petisheni, kwa sababu inawaingiza wenye mashamba wenyewe mbele ya kamati. Dakika tatu za ukumbini zinamwingiza mbunge peke yake.

Petisheni huelekezwa kwa Bunge na huwasilishwa na mbunge. Si lazima awe wa chama chenu, na si lazima mumlipe wakili. Iwe na maelezo ya ukweli, hatua mlizokwisha kuchukua na majibu mliyopata (au kimya mlichopata, pamoja na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa), tamko kwamba jambo haliko mahakamani, na mwishoni ombi lenyewe. Ombi ndilo moyo wa karatasi. Liwe na vipengele viwili au vitatu ambavyo Bunge linaweza kweli kuvifanya: kuchunguza ucheleweshaji, kumwita waziri na UWA (Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda), kupendekeza tarehe ya malipo. Mkiandika "Bunge litulipe", mmeomba kitu ambacho Bunge halina.

Lugha iwe ya heshima. Neno moja la kumtukana mkuu wa hifadhi linatosha kwa ofisi ya Karani wa Bunge kuirudisha.

Sahihi: jina kamili, kijiji, sahihi au dole gumba. Kosa linalorudisha petisheni nyingi ni kurasa za sahihi zilizokusanywa kando kisha zikabanwa na stepla kwenye maandishi ambayo watu hawakuyaona. Sahihi kadhaa ziwe kwenye ukurasa ule ule wenye ombi, na kila ukurasa unaofuata uwe na kichwa cha petisheni juu yake. Mtu mmoja asiwasainie jirani zake. Mwandiko mmoja kwenye mistari kumi unaonekana hata na asiye mtaalamu.

Ikishakubaliwa, mbunge anaisoma kwa ufupi ukumbini, haijadiliwi siku hiyo, Spika anaipeleka kwenye kamati inayohusika. Tembo ni Kamati ya Utalii, Biashara na Viwanda. Kuanzia hapo kazi inahamia kwa karani wa kamati, na ndiye wa kupigiwa simu kila baada ya wiki mbili kwa adabu. Kamati ina miswada, ina bajeti, ina safari. Jambo lisilo na mtu wa kuliuliza linalala chini ya faili. Mkiitwa, pelekeni watu watatu tu: mwenye shamba, mwenyekiti wa LC 1 (baraza la kijiji), na ofisa kilimo wa gombolola aliyepima hasara. Basi zima la waandamanaji halina kiti kwenye chumba cha kamati.

Na tafadhali kila mwenye dai awe na mstari wake kwenye jedwali: tarehe ya uharibifu, kijiji, zao, eka zilizoharibiwa, jina la aliyepima, namba ya dai, tarehe lilipopokelewa. Picha ziwe na tarehe. Kamati ikiona jedwali kama hilo inamkabidhi UWA na kumwambia ajaze safu ya mwisho.

---

BweraMjini alijibu:

Naongeza la sheria, kwa sababu hapa wengi hujikwaa.

Sheria ya Wanyamapori ya 2019 ilianzisha mpango wa fidia na kuutengea asilimia 2 ya mapato ya UWA. Msiichanganye na asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini, inayorudi kwa serikali za mitaa zinazopakana na hifadhi. Hiyo ya 20 ni ya miradi ya jamii: madarasa, mitaro ya kuzuia tembo, mizinga ya nyuki. Haimlipi mtu binafsi pamba yake. Mbunge akisimama akasema "asilimia 20 ya fidia iko wapi", waziri atamsahihisha kwa furaha na mada itakufa.

Tena fidia inahusu wanyama walioorodheshwa kwenye jedwali la Sheria (tembo na nyati wamo) na uharibifu uliotokea nje ya mipaka ya hifadhi. Shamba lililovuka mpaka kidogo, au ng'ombe aliyeuawa akichungwa ndani, halina dai. Ondoeni madai ya namna hiyo kwenye jedwali kabla hamjampa mbunge. UWA wakikuta mawili yenye kasoro watayatumia kuyatia shaka yote.

Jingine: msilifanye jambo la Kasese pekee. Spika akiona ni la kijiji kimoja atasema "mwone waziri ofisini". Tembo wa Murchison wanawasumbua watu wa Nwoya, na Rubirizi wanapakana na hifadhi hii hii yenu. Mbunge wenu awatafute wenzake wa huko, wakubaliane maneno, asimame mmoja na wengine wamuunge mkono. Hata hapo nyumbani msimtegemee mmoja: kila mpiga kura Uganda ana mbunge wa jimbo na Mbunge Mwanamke wa wilaya au jiji lake. Nakala ya jedwali iende kwa wote wawili siku moja, asije mmoja akasikia kwenye redio akaona kaachwa.

Kuhusu ushahidi: Ibara ya 97 ya Katiba inawapa wabunge kinga kwa wanayosema Bungeni, lakini kinga haimzuii Spika kumwambia "weka mezani". Akidai ofisa fulani anauza fomu za fidia bila karatasi ya kuthibitisha, ataambiwa afute kauli, na kufuta kauli kunaandikwa kwenye Hansadi milele. Anachoweka mezani akisaini kila ukurasa, abaki na nakala.

---

Nyakatonzi_Juu aliandika tena:

Asanteni sana. Jedwali tutaanza nalo. Lakini vijana bado wanauliza: kwa nini asilete muswada wake mwenyewe wa kupandisha asilimia 2 iwe 5? Tumesikia mbunge yeyote anaruhusiwa.

---

Kifungu_kwa_Kifungu alijibu:

Anaruhusiwa, ila si kwa hilo.

Ibara ya 94 ya Katiba inampa mbunge haki ya kuleta muswada binafsi, tena inaitaka wizara inayohusika impe msaada wa kiasi na ofisi ya Mwanasheria Mkuu imsaidie kuuandika. Lakini kabla ya kuifikia hiyo someni Ibara ya 93. Inalizuia Bunge kushughulikia muswada, hoja au hata marekebisho yanayoongeza kodi, au yanayoweka au kuongeza mzigo kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina au mfuko mwingine wowote wa umma, isipokuwa yameletwa kwa niaba ya Serikali. Kupunguza mnaweza. Kuongeza, hapana. Mapato ya UWA ni fedha ya umma. Kutoka 2 kwenda 5 ni kuongeza mzigo. Mwanasheria Mkuu atasimama siku ya kwanza ataje Ibara ya 93, na miezi ya kuandika itakuwa imekwenda bure.

Mlango uliobaki ni hoja: mbunge anapeleka hoja ya Bunge "kuitaka Serikali" ilete marekebisho ya Sheria ya 2019. Maneno hayo ndiyo yanayoikwepa Ibara ya 93, kwa sababu hoja haitozi chochote, inaomba Serikali ichukue hatua. Ikipita ni azimio la Bunge, na waziri anadaiwa taarifa ya utekelezaji. Haimfungi kama sheria, hilo mlijue.

Muswada binafsi unafaa pale ambapo tatizo ni utaratibu. Mfano: muda wa mwisho wa kuhakiki dai, wajibu wa kumjibu mdai kwa maandishi, sababu za kukataa. Hapo njia ni hii. Mbunge anaomba ruhusa ya Bunge kwa hoja, akiambatanisha rasimu. Akipewa, anafanya kazi na wanasheria wa Bunge. Muswada unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Anamwandikia Waziri wa Fedha kuomba cheti cha athari za kifedha (kinachoeleza muswada utaigharimu Serikali nini), na hapa ndipo miswada mingi ya wabunge imekwama kwa miaka, waziri akikaa tu kimya. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 iliweka dawa: siku 60 zikipita tangu kuombwa bila cheti kutolewa, kinahesabiwa kimetolewa. Basi barua ya kuomba ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na nakala ikae kwa mbunge. Bila muhuri huwezi kuhesabu 60 kutoka popote.

Baadaye kusomwa mara ya kwanza, kamati (kanuni zinaipa siku 45), kusomwa mara ya pili, kamati ya Bunge zima, mara ya tatu, halafu Rais ana siku 30 za kusaini au kurudisha. Akidi ya theluthi moja ya wabunge wenye haki ya kupiga kura inahitajika wakati wa kura, kwa hiyo mwenye muswada awe anahesabu vichwa ukumbini na kuwapigia simu wenzake walioko kantini.

Kama vijana wanataka ushahidi kwamba hufika mwisho: Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya 2010 na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015 zote zilianza kama miswada binafsi ya Chris Baryomunsi alipokuwa mbunge wa Kinkizi Mashariki. Ukeketaji ulikuwa jambo la Sebei na Wapokoti wa Amudat, upande wa mashariki, yeye ni wa Kanungu, kusini-magharibi. Sheria ya kuzuia mateso ya 2012 nayo ilitoka kwa mbunge, Wilfred Niwagaba. Zote zilikataza au ziliweka utaratibu. Lengo lao kuu halikuwa kwenda Hazina kuomba fungu.

---

BweraMjini alijibu:

Hapo kwenye Hazina ndipo pa kuongezea tarehe, kwa sababu mbunge anaweza kusema kila wiki na bado bajeti ikapita bila yeye.

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Watu wengi husubiri hotuba ya bajeti ya Juni ndipo waanze kulalamika. Wakati huo mlango ulishafungwa. Wilaya inafanya mkutano wake wa bajeti kati ya Oktoba na Novemba, na daraja lenu lazima liwe limeshatoka kwenye mpango wa parishi na gombolola kabla ya hapo. Waraka wa mfumo wa bajeti ya taifa unafika Bungeni kabla ya 31 Desemba, na Bunge linaupitisha kufikia 1 Februari. Kipindi hicho cha Januari ndicho mbunge asiye na cheo anachokuwa na nguvu kuliko wakati wowote, maana kila kamati inapitia mafungu ya wizara zake na maneno bado hayajawa namba za mwisho. Ufikapo 15 Machi mawaziri wanaleta taarifa zao za sera, 1 Aprili makadirio yenyewe, na kufikia 31 Mei yawe yamepitishwa.

Kamati za kisekta ndiko kazi inakofanyika. Mbunge wenu kama hayumo kwenye ile ya Utalii, aiandikie, aombe kusikilizwa. Asiye mwanakamati anaruhusiwa kuhudhuria na kuzungumza ila hapigi kura. Akija Aprili na ombi jipya ataulizwa "fedha itolewe fungu gani?" Awe na jibu: mstari gani upunguzwe na kwa kiasi gani. Semina na safari ndiyo mistari inayopunguzika bila kelele nyingi.

Kama ni wa chama tawala, aanze na kiranja na kikao cha wabunge wa chama, kwa sababu kura za bajeti hupangwa huko. Kama ni wa upinzani, ampe Kiongozi wa Upinzani jedwali lake mapema liingie kwenye taarifa mbadala zinazofuata zile za mawaziri.

Na msisahau kwamba Uganda haina mfuko wa jimbo kama ule wa Kenya. Mbunge hana fungu la kujengea daraja. Anayeahidi kulijenga kwa mshahara wake anawauzia kitu kingine.

---

Mama_Nguse alijibu:

Mwalimu wa tarehe huyo. Nina tofauti moja naye: Waziri Mkuu. Alhamisi kuna kipindi cha maswali kwa Waziri Mkuu, na tembo ni jambo linalogusa Utalii, Kilimo na Fedha kwa pamoja. Waziri wa Utalii atasema fedha iko Hazina, wa Fedha atasema madai hayajaletwa. Waziri Mkuu ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali Bungeni, hawezi kumtupia mwenziwe. Swali liwe moja, la sentensi mbili. Lenye vipengele vitano litajibiwa kipengele kimoja.

Tena kama mto uliochukua daraja ni miongoni mwa ile inayofurika kila msimu kama Nyamwamba, upande wa maafa uko kwenye Ofisi hiyo hiyo ya Waziri Mkuu. Ila kwa maafa anahitaji ripoti ya kamati ya maafa ya wilaya, yenye idadi ya kaya. Bila hiyo watatuma maharage na maturubai, daraja libaki vile vile.

---

Nyakatonzi_Juu aliandika tena:

La mwisho wakubwa. Petisheni tuiandike kwa Kiswahili? Wazee wengi Kiingereza hawakisomi, na Lukonzo ndiyo yao.

---

Mzee wa Hansadi alijibu:

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwa Katiba tangu marekebisho ya 2005, lakini shughuli za Bunge zinaendeshwa kwa Kiingereza, na ofisi ya Karani itataka nakala ya Kiingereza. Fanyeni hivi: andikeni kwa lugha wanayoielewa wanaosaini, Lukonzo au Kiswahili, wasomewe mkutanoni mbele ya LC 1, wasaini hiyo. Kisha itafsiriwe, mtafsiri aandike jina lake na kuthibitisha kwamba tafsiri ni sahihi, na zote mbili zibanwe pamoja. Mtu akiitwa mbele ya kamati akaulizwa "ulisaini nini?", ataweza kueleza.

Kwenye kamati aombe mkalimani mapema kupitia karani, siku chache kabla, asisubiri afike mlangoni. Na jedwali la eka tumieni eka tu toka mwanzo hadi mwisho. Msichanganye na hekta, maana mbunge mmoja akianza kujumlisha pale mezani, nusu saa yenu imekwenda.